Nani Ameishika Pini ya Riseti?

Hotuba kwa wanafunzi wa elektroniki na mafundi, Tanga

Walimu wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu na wanafunzi, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kunialika, na zaidi kwa kuniachia nichague mada mwenyewe. Nimechagua kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho: rezista moja ya robo wati, ile inayokaa kati ya laini ya volti 5 na pini ya riseti ya prosesa, mguu wa chipu unaoiamuru ianze upya. Mafundi tunaiita pul-apu, yaani ya kuvuta juu. Nitaizungumzia kwa muda wote niliopewa, kwa sababu nimeona kazi nzuri za watu zikiharibika kwa kuikosa, na nyingine zikiharibika kwa kuiweka bila kujua inapambana na nini.

Hapa mezani kuna bodi mbili. Zote zina chipu ya aina moja, ATmega328P, ile ile iliyomo kwenye Arduino Uno R3, bodi ya kujifunzia. Ya kulia ina rezista ninayoisema. Ya kushoto haina. Hiyo ya kushoto ndiyo iliyonifundisha, na ilinifundisha kwa mayai ya mtu.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mfugaji wa upande wa Muheza aliniagiza nimtengenezee kidhibiti cha mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine yenyewe ilikuwa kabati la mbao, trei nne, mayai 120, balbu za kutia joto na mota ya kugeuza trei. Kazi ya kidhibiti ilikuwa kushika joto kwenye nyuzi 37.5, kugeuza mayai kila baada ya saa 2, na kuhesabu siku. Wafugaji mliopo mnajua: yai la kuku huchukua siku 21, na ikifika siku ya 18 unaacha kugeuza, unaongeza maji kwenye sinia ili unyevu upande, kifaranga ajipange ndani ya ganda kabla ya kulitoboa.

Nilikijaribu kidhibiti mezani kwangu wiki nzima. Hakikukosea hata mara moja. Nikaenda kukifunga, nikarudi Tanga kifua mbele. Siku 17 zikapita salama. Siku ya 19, usiku, mama akanipigia simu: "Mwanangu, mashine inageuza mayai." Nikamwambia mama, hilo haliwezekani, imeshaacha tangu jana. Akaisogeza simu kwenye kabati, nikaisikia mota kwa masikio yangu. Kidhibiti kilikuwa kimejiwasha upya, kimesahau siku zote, kinajiona kipo siku ya 1, na kinawageuza vifaranga walioanza kugonga ganda. Katika mayai 120 walitoka vifaranga 31. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba mayai yale alikuwa ameyachukua kwa mkopo.

Fundi akiona kifaa kinajiwasha upya, kitu cha kwanza analaumu umeme. Nami nililaumu umeme. Nikabadilisha saplai, nikaongeza kapasita kubwa ya kushika chaji, nikamfidia mama mayai, tukaanza upya. Siku 17 salama. Siku ya 20, yale yale. Hapo nikaacha kubahatisha, nikaiuliza chipu yenyewe.

Naomba wanafunzi mlishike hili, maana litawaokoa siku nyingi. Ndani ya ATmega328P kuna rejista iitwayo MCUSR. Ina biti nne zinazosema prosesa imeamshwa na nini: umeme kuwashwa, pini ya riseti kushuka, volti kudhoofika, au ule mlinzi wa ndani tunaomwita wochidogi. Niliandika mistari michache mwanzoni kabisa mwa programu: soma MCUSR, ihifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kisha ifute, maana usipoifuta habari ya jana itachanganyika na ya leo. Wanaotumia bodi zenye butiloda, ile programu ndogo ya kupakia programu nyingine, wawe waangalifu, kwani baadhi ya butiloda huifuta rejista hiyo kabla programu yako haijaifikia. Mimi chipu nilikuwa nimeichoma moja kwa moja, bila butiloda. Mara ya tatu mashine ilipoharibu, nilisoma EEPROM nikakuta jibu moja limejirudia: EXTRF. Riseti ya nje. Umeme haukuwa na kosa lolote. Kuna kitu kilikuwa kinaivuta ile pini chini.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuitazame pini yenyewe. Kwenye chipu hii riseti inafanya kazi ikiwa chini. Pini ikiwa juu, karibu na volti 5, prosesa inafanya kazi. Ikishuka, prosesa inasimama, na ikipanda tena inaanza mstari wa kwanza wa programu. Datashiti, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inaeleza mipaka: juu ya asilimia 90 ya volti ya saplai, pini inahesabiwa iko juu; chini ya asilimia 10, iko chini. Kwa saplai ya volti 5 maana yake ni volti 4.5 na volti 0.5. Katikati hapo mtengenezaji hajaahidi kitu. Chipu moja itavumilia volti 3, ndugu yake wa boksi hilo hilo asivumilie, na hiyo ya kwanza inaweza kubadilika ikipata joto. Ukiuliza pini yako ikae wapi, jibu ni moja: juu ya 4.5 saa zote, kiangazi na masika, mpaka wewe mwenyewe utake kuishusha.

Rezista ya pul-apu ndiyo kamba inayoishika hapo juu. Mnaokaa Deep Sea na Sahare mmeona jinsi nahodha anavyoifunga ngalawa. Kamba ndefu mno, ngalawa inatembea na upepo mpaka igonge ya jirani. Fupi mno, maji yakijaa kamba inaivuta pua chini. Namba ya rezista ndiyo urefu wa kamba. Kilo-omu nyingi ni kamba ndefu, omu chache ni kamba fupi.

Mtu ataniuliza: si chipu hii ina pul-apu yake ndani? Inayo. Datashiti inaitaja kuwa kati ya kilo-omu 30 na 60. Tazama upana wa hapo: ya juu ni mara mbili ya ya chini, kwa sababu rezista iliyochongwa ndani ya silikoni haiwezi kutengenezwa kwa usahihi kama ile tunayonunua dukani. Ya kwangu niliipima. Unaweka rezista ya kilo-omu 10 kutoka pini ya riseti kwenda ardhi, yaani upande wa volti sifuri, unasoma volti. Nilipata 0.83. Piga hesabu ya mgawanyo: 5 mara 10, gawanya kwa 0.83, unapata kama 60, kisha toa ile 10. Kwa hiyo ya ndani ni kama kilo-omu 50. Na mtengenezaji mwenyewe, katika maelezo yake ya kusanifu bodi za AVR, familia ya chipu hii, amesema wazi kwamba mahali penye kelele nyingi za umeme hiyo ya ndani huenda isitoshe, na kifaa kikawa kinajiwasha upya mara moja moja. Mimi maneno hayo niliyasoma baada ya mayai kuharibika. Ninyi mnayasikia kabla.

Basi kwa nini siku 17 salama, kisha maafa? Kwa sababu ya maji kwenye sinia. Kidhibiti nilikuwa nimekifunga juu ya kabati, na waya wa riseti ukashuka mpaka kwenye kitufe mlangoni. Kontakta ya waya huo ilikuwa na skrubu mbili, moja ya riseti na moja ya ardhi, zimekaa jirani. Na pale nilipolehemu niliacha grisi ya kulehemu, ile ya kopo, ya mafundi bati. Nawaomba sana: grisi ile ina asidi na chumvi, inanyonya unyevu wa hewa, na ikishalowa inapitisha umeme. Mezani kwangu ilikuwa kavu. Kwenye kabati la siku ya 18, mvuke unapanda, uchafu ule ukawa rezista ya pili, kutoka riseti kwenda ardhi.

Nilichemsha birika, nikaishika bodi juu ya mvuke kwa mbali, mita ikiwa kwenye pini. Ilianza karibu na 5. Ikashuka 4.6. Ikashuka 4.2. Ikatulia kwenye 3.9. Nilikaa nikiitazama ile tarakimu muda mrefu.

Tupige hesabu pamoja, mwenye kalamu aandike. Juu kuna kilo-omu 50, katikati volti 3.9, chini kuna uvujaji tusioujua. Volti 1.1 zimebaki kwenye rezista ya juu. Mkondo ni 1.1 gawanya kwa kilo-omu 50, mikroampia 22. Mkondo huo huo unapita chini, kwa hiyo uvujaji ni 3.9 gawanya kwa mikroampia 22: kama kilo-omu 180. Sasa weka rezista ya nje ya kilo-omu 4.7. Ikiwa sambamba na ile ya ndani zinakuwa kama kilo-omu 4.3. Uvujaji ni ule ule, uchafu ni ule ule. Pini inakaa wapi? 5 mara 180, gawanya kwa 184.3: volti 4.88. Iko salama, na bado sijasafisha bodi.

Hapo ndipo mpaka wa juu wa namba unapotoka. Datashiti inasema pini zenyewe huvujisha mikroampia 1 kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa rezista ya kilo-omu 10 hiyo ni milivolti 10, huioni. Kwa megaomu 1, kama hakuna ya ndani ya kuisaidia, ni volti nzima, na pini imeshatoka kwenye usalama hata bodi ikiwa safi kama sahani. Ila mikroampia 1 ni ahadi ya chipu peke yake. Bodi, kontakta, waya, hewa ya bahari yenye chumvi, mavi ya mjusi, nyuzi za buibui zilizolowa: hayo hayamo kwenye datashiti, na sisi tunaishi pwani. Mimi kwa kazi za huku nahesabu uvujaji wa kilo-omu 100 kama jambo la kawaida kutokea siku moja. Ukitaka pini ibaki juu ya 4.5 na uvujaji huo, rezista yako, bila kuitegemea ya ndani, haiwezi kuzidi kilo-omu 11. Hesabuni wenyewe mtaona.

Lakini volti 3.9 peke yake haikuwa inaiwasha upya mashine. Niliacha bodi kwenye mvuke nusu saa, haikufanya kitu. Kilichokuwa kikimalizia kazi ni rilei ya balbu, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme. Waya wa kitufe niliulaza kando ya waya wa volti 230, umefungwa pamoja kwa vikanda vya plastiki, kazi ya kupendeza macho. Waya mbili zikilala pamoja ni kapasita, hata kama hakuna aliyeiweka. Tuseme pikofaradi 10. Rilei inapofungua, cheche inaruka, volti inabadilika ghafla, na ile kapasita isiyoonekana inasukuma mshtuko kwenye waya wa riseti.

Pini inashuka, kisha inapanda tena. Inapanda kwa kasi gani? Hapa ndipo rezista inapofanya kazi yake ya pili, ambayo wengi hawaifundishi. Waya na pini pamoja zina uwezo wa kushika chaji, tuseme pikofaradi 60. Kwa kilo-omu 40 hadi 50, muda wa msingi ni kama mikrosekunde 2.4 hadi 3, na kufika asilimia 90 unahitaji mara 2.3 ya hapo, yaani mikrosekunde 5 hadi 7. Datashiti inasema pini ikikaa chini mikrosekunde 2.5, riseti imehakikishwa. Na kumbukeni pini ya kwangu ilikuwa inapanda kuelekea 3.9, si 5, kwa hiyo haikufika hata kwenye usalama. Kwa kilo-omu 4.7 muda huo wote unakuwa chini ya mikrosekunde 1. Pini inaguswa, inarudi, prosesa haikupata nafasi ya kuamini.

Na bado nisingependa mtu aondoke hapa akidhani rezista peke yake inatosha kwa kelele kali. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini ya riseti kwenda ardhi, karibu na chipu kabisa, si kule kwenye kitufe. Volti 230 zikija kupitia pikofaradi 10 zinakutana na nanofaradi 100, ambayo ni kubwa mara elfu kumi. Kinachobaki kwenye pini ni milivolti 23. Mshtuko uliokuwa unaitikisa mashine unakuwa si kitu. Kwa hiyo gawaneni kazi hivi vichwani mwenu: kapasita inapokea yale ya ghafla, rezista inashikilia yale ya polepole na ya kudumu, kama unyevu. Bodi yangu ilikosa vyote viwili, ikapigwa na vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana mezani haikuonyesha ugonjwa: mezani hapakuwa na mvuke wala balbu.

Baada ya hapo utasema, basi niweke rezista ndogo kabisa, omu 470, nimalize. Hapana. Kumbuka kamba fupi. Pini hiyo lazima iweze kushuka pale unapotaka. Chukua kifaa cha kuchomea programu chenye rezista ya omu 270 kwenye waya wake wa riseti, za namna hiyo zipo. Kikishusha waya wake mpaka sifuri, pini inabaki kwenye mgawanyo. Ukiwa na pul-apu ya kilo-omu 1: 5 mara 270, gawanya kwa 1270, volti 1.06. Mpaka wa chini ni 0.5. Chipu haitaingia riseti kwa uhakika, utahangaika na ujumbe wa makosa, utabadilisha kebo, utabadilisha kompyuta, utamshuku aliyekuuzia chipu. Ukiwa na kilo-omu 4.7 inakuwa volti 0.27. Ukiwa na 10, ni 0.13. Mtengenezaji wa AVR anapendekeza isiwe chini ya kilo-omu 4.7 kwa vifaa vyake vya kuchomea, na kwa wanaotumia njia ya debugWIRE ya kusaka makosa ya programu, ambayo inazungumza kupitia pini hiyo hiyo ya riseti, isiwe chini ya 10, na kapasita iondolewe kabisa kwa sababu inazima mazungumzo.

Hali ni hiyo hiyo kwa chipu za kusimamia volti, zile zinazoivuta riseti chini saplai ikidhoofika. Nyingi haziwezi kubeba mkondo mkubwa na bado zikashusha pini vizuri. Soma datashiti yake, tafuta mkondo ambao mtengenezaji ameahidi nao volti ya chini, kisha chagua rezista isiyouzidi. Na kama chipu hiyo ina pul-apu yake ndani, ihesabu sambamba na ya kwako.

Wapo wanaoogopa kwamba rezista ndogo inakula betri. Pini ikiwa juu, hakuna mkondo unaopita humo wa kuutaja, maana pande zote mbili za rezista ziko kwenye volti moja. Inakula pale tu kitufe kimebonyezwa: miliampia 1 hivi kwa kilo-omu 4.7. Ni kwenye kifaa cha betri kinachoweza kushikiliwa kwenye riseti kwa siku nzima ndipo jambo hili lina uzito, na hapo 10 au hata 22 ina maana.

Kuhusu kapasita nina neno zaidi, maana nimeona watu wakiweka mikrofaradi 10 ili prosesa "isubiri umeme utulie". Nia ni njema. Lakini fikiri umeme wetu unavyokatika na kurudi. Mikrofaradi 10 na kilo-omu 10 ni milisekunde 100 za msingi. Umeme ukipotea milisekunde 50 tu, saplai imeshaanguka, lakini kapasita ya riseti bado imeshika kama volti 3. Umeme unarudi, prosesa inaamka ikiwa imechanganyikiwa, na riseti haikushuka inavyopaswa. Dawa ni diodi ndogo, 1N4148, sambamba na rezista, upande wake wenye mstari ukitazama laini ya volti 5, ili saplai ikianguka kapasita imwage chaji haraka. Kwenye AVR diodi hiyo ina faida nyingine, kwa sababu pini ya riseti haina ile diodi ya ulinzi ya kwenda juu kama pini nyingine. Mtengenezaji aliiacha makusudi ili pini iweze kupokea volti 12 za kuchomea programu kwa njia ya volti ya juu. Na kazi ya kusubiri umeme utulie mpe aliyeumbwa kwa kazi hiyo: kigunduzi cha volti kudhoofika kilichomo ndani ya chipu. Kiweke kwenye volti 4.3 kama saplai ni 5. Kapasita ibaki nanofaradi 100.

Na kitufe kisiifunge kapasita hiyo moja kwa moja. Weka omu 330 kwenye njia ya kitufe, chaji itoke kwa adabu. Pini itashuka mpaka 0.33, bado iko ndani ya mpaka.

Wanafunzi wa Arduino Uno watauliza: kwangu ikoje? Bodi ile ina kilo-omu 10 tayari, na ina nanofaradi 100 kati ya waya wa DTR, unaotoka upande wa kompyuta, na riseti, ndiyo inayoiwasha upya bodi kila unapopakia programu. Ukiongeza nanofaradi 100 nyingine kwenda ardhi, kapasita mbili sawa zinagawana mshtuko nusu kwa nusu, pini inashuka mpaka 2.5 tu, na kupakia programu kunaanza kugoma. Hapo kelele zikikusumbua punguza rezista, ongeza 10 nyingine sambamba upate 5, usikimbilie kapasita.

Chipu nyingine nitazipitia haraka. ESP32 pini yake ya kuiwezesha, EN, haina pul-apu ndani na hairuhusiwi kuelea. Mtengenezaji anapendekeza kilo-omu 10 na mikrofaradi 1, na hapo usipunguze, chipu ile inataka saplai itangulie. STM32 ina kilo-omu 40 hivi ndani, na maelezo yake yanataka nanofaradi 100 nje. Kwa bodi ya ndani ya ofisi inatosha, kwa kabati la mama mfugaji ningeongeza 10 ya nje. PIC kadhaa za zamani zinasema rezista ya MCLR iwe chini ya kilo-omu 40. Na wale mliorithi bodi za familia ya 8051, riseti yake ni kinyume, iko hai ikiwa juu: rezista inavuta chini na kapasita inakaa upande wa volti 5. Nimewahi kuletewa bodi ya AT89S52 iliyowekewa pul-apu kwa mazoea. Haikuwaka hata siku moja.

Mtaona sikuwaambia "wekeni kilo-omu 10, imekwisha". Kumi ni namba nzuri, na mara nyingi nami naiweka. Lakini fundi anayeiweka kwa sababu kila mchoro unayo hatajua siku ya kuiacha. Kwenye mashine ya mama niliweka 4.7, kwa sababu nilikuwa na waya mrefu, mvuke na rilei, na kifaa changu cha kuchomea kiliweza kuishusha. Kisha nikaweka nanofaradi 100 kwenye miguu ya chipu, nikatenganisha waya wa kitufe na wa volti 230, nikaosha bodi kwa spiriti na mswaki, nikaipaka vanishi. Na siku za mayai nikaanza kuzihifadhi kwenye EEPROM kila saa, jambo ambalo lilipaswa kuwepo tangu mwanzo, kwa sababu hata pini ikishikwa vizuri umeme unaweza kukatika. Duru iliyofuata nililala Muheza siku ya 20. Asubuhi ya siku ya 21 tuliwasikia kabla hatujafungua mlango.

Sasa tuje mezani. Bodi ya kushoto nimeiacha kama nilivyoing'oa kule, na grisi yake. Ya kulia nimeilehemu kwa grisi ile ile makusudi, sikuisafisha, ila ina rezista ya kilo-omu 4.7. Mita imefungwa kati ya pini ya 1 na ardhi ya bodi ya kushoto, na mnaona inasoma 4.97. Naomba kijana mmoja wa mstari wa mbele aje. Wewe, binti, njoo. Inama hapa kwenye kontakta, uipumulie polepole kwa mdomo wazi, kama unayesafisha miwani. Usiache. Wengine mkae tayari na kalamu: mtu asome tarakimu kwa sauti, na kila mmoja aniambie uvujaji ni kilo-omu ngapi. Kisha tutahamisha mita kwenye bodi ya kulia, apumue tena.